Anayetaka kuandika hadithi za kisayansi za televisheni aanze kwa kurekebisha miswada

Vijana wanaotamani kuandikia televisheni hadithi za kubuni za kisayansi huniuliza waanzie wapi, nami huwasimulia habari za D. C. Fontana, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2019, kwa kuwa njia aliyoipita ndiyo iliyonifunza kazi hii.

Fontana alikuwa katibu muhtasi. Aliuza hadithi yake ya kwanza ya televisheni mwaka 1960, na baadaye akaamua kutumia herufi za mwanzo za majina yake ili miswada yake isihukumiwe kwa kuwa imeandikwa na mwanamke. Katika Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu safari za angani iliyoanza kurushwa Septemba 1966 (ndiyo yenye mhusika Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru), mtayarishaji Gene Roddenberry alimkabidhi mswada wa mwandishi mwingine uliokwama, akamwahidi kwamba akifaulu kuurekebisha atakuwa mhariri wa hadithi. Mapenzi yaliyokuwa ya mhusika Sulu aliyahamishia kwa mwenzake Spock, mtu anayezizuia hisia zake, na hadithi ikasimama. Cheo akakipata akiwa na miaka 27. Kwa hiyo ukipewa mswada wa mwenzako uutengeneze, usiukatae kwa kuona unadharauliwa, maana humo ndimo utakamojifunza mahali hadithi inapovunjika.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa nne za kueleza injini ya chombo cha angani. Mhariri aliyeusoma alizipiga mstari zote kwa kalamu ya risasi mpaka ukurasa wa tano, ambapo mama anamuuliza mwanawe aliyenuna, "Umeshakula?" Pembeni akaandika: "Anzia hapa." Niliumia sana. Nilimwelewa nilipotazama "Journey to Babel", sehemu ya Star Trek ya mwaka 1967 ambayo Fontana aliiandika: sayari zinagombana na adui yumo chomboni, lakini kinachomshika mtazamaji ni baba na mwana ambao kwa miaka 18 hawajasemezana kama baba na mwana, kwa sababu mwana alichagua kazi ambayo baba hakuitaka, na sasa baba mgonjwa anahitaji damu ya mwana huyo huyo.

Niliuandika mswada wangu upya nikianzia kwa yule mama. Injini ikabakiwa na sentensi moja tu, ambayo fundi anaisema huku akitafuta spana.