Makario, vyungu shingoni na hilo swali lako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma usiku nikakosa usingizi. Unauliza wale watakatifu wa zamani walivyokuwa wanaaibishwa wakanyamaza, ule ni unyenyekevu au uoga tu. Najua linatokea wapi, ni hiyo ishu ya kikoba, mwenzio alikusingizia wizi mbele za watu, sasa imejulikana ni yeye na Jumamosi anawekwa kikao na wewe umo.

Uoga hapana. Kuna huyu Makario wa Misri, karne ya 4, alikuwa anaishi peke yake karibu na kijiji, anasuka vikapu. Binti wa pale akapata mimba, alivyobanwa akamtaja yeye. Weee! Wakamvika shingoni vyungu vyenye masizi na vishikio vya mitungi, wakamzungusha kijijini huku wanampiga, na wazazi wakagoma kumwachia mpaka apate mdhamini kwamba atamlisha binti yao. Karudi kwake akatoa vikapu vyote vikauzwe, akajiambia Makario, umeshapata mke, ongeza kazi. Akasuka usiku na mchana. Hapo huwa nacheka peke yangu, maana muoga angetoroka usiku uleule.

Na kweli alitoroka, ila baadaye. Binti alishikwa na uchungu siku nyingi mtoto hatoki mpaka akasema ukweli, kwamba ni kijana mwingine, basi kijiji kizima kikajipanga kwenda kuomba msamaha, Makario kusikia tu akakimbilia Sketi, jangwa la hukohuko Misri. Vyungu kavumilia, sifa ndo zikamkimbiza!

Ila kwa Jumamosi mfikirie zaidi Musa Mwethiopia, yule aliyekuwa jambazi kabla ya utawa. Aliitwa kwenye kikao cha ndugu, mtawa mwenzake, aliyekosa, akaja amebeba mtungi unaovuja, akasema dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu sizioni, na leo nimekuja kuhukumu za mwenzangu. Wakamsamehe yule ndugu.

Sikwambii unyamaze, hela za watu arudishe, daftari lifunguliwe. Ila unakumbuka zile hela za baba yako mfukoni mwa shati, ukiwa la sita? Tulimfukuza dada wa kazi, akaondoka analia na kimfuko chake cha rambo, wewe ukaja kuniambia ukweli umeshamaliza fom foo, na mimi mama yako nikaona aibu kumtafuta.

Namba yake nimeipata kwa shangazi yako. Kesho nampigia, ukitaka kuongea naye niambie niwaunganishe.

Mama