Zamu ya Upatu na Kianzio cha Nyumba Marekani

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani. Wengi wanalipa kodi ya nyumba bila kukosa, na rejesho la mkopo la kila mwezi wangelimudu. Kinachowashinda ni zile fedha za mkupuo za siku ya kununua: kianzio, yaani sehemu ya bei unayolipa mwenyewe mwanzoni, na gharama za kukamilisha mauzo. Kila barua inafuatwa na jibu langu.

Mimi na mume wangu tunafanya kazi ghalani, Columbus, Ohio. Tumesikia jimbo linasaidia kianzio kwa wanaonunua nyumba mara ya kwanza. Ni zawadi au deni? Tuanzie wapi?

Ni deni ambalo husamehewa ukitimiza masharti. Shirika la nyumba la jimbo lenu, OHFA, hutoa asilimia 2.5 au 5 ya bei ya nyumba. Fedha hizo huandikwa kama mkopo wa pili nyuma ya ule mkuu. Kwa mwezi hulipi kitu, na miaka 7 ikitimia deni linafutwa. Ila mkiuza, au mkiubadilisha mkopo kutafuta riba nafuu kabla ya miaka hiyo 7, mnadaiwa zote. Hata kama mmebakiza miezi mitatu, hakuna kupunguziwa.

Chukueni nyumba ya dola 220,000. Kianzio cha mkopo wa FHA, ule unaowekewa bima na serikali kuu, ni asilimia 3.5, yaani 7,700. Gharama za kukamilisha mauzo (mthamini, hati, bima, ada za benki) mara nyingi huwa asilimia 2 hadi 5. Tuseme 3, basi ni 6,600. Jumla 14,300. Msaada wa asilimia 5 ni 11,000, kwa hiyo mfukoni mwenu zitatoka 3,300. Ongezeni mkaguzi wa nyumba, ambaye hulipwa hata kama ununuzi umevunjika, na akiba kidogo ya mwezi wa kwanza. Boila ikiharibika haitasubiri mpate mshahara.

Kuna gharama isiyoonekana haraka: mara nyingi anayechukua msaada mkubwa hupewa riba ya juu zaidi kwenye mkopo mkuu. Mwambieni ofisa wa mkopo awapigie hesabu tatu, bila msaada, kwa asilimia 2.5 na kwa 5, kisha mlinganishe rejesho la mwezi. Kwa familia isiyo na akiba, asilimia 5 bado inaweza kuwa njia sahihi, mradi mchague mkijua bei yake.

Pa kuanzia ni kwa mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba. Atasoma krediti yenu, yaani rekodi ya jinsi mnavyolipa madeni, na kuwapa darasa ambalo programu nyingi hulidai. Halafu nendeni kwa benki iliyo kwenye orodha ya OHFA, kwa sababu maombi hupitia benki hizo. Nyumba itafutwe mwisho. Wengi hutia saini kwanza na muuzaji, ndipo waulize msaada, na benki waliyonayo ikawa haimo kwenye orodha. Kumbukeni pia kwamba “mara ya kwanza” kwa kawaida maana yake ni kutomiliki makazi kwa miaka 3 iliyopita. Aliyewahi kumiliki na kuuza zamani hajafungiwa mlango.

Nimepokea zamu yangu ya upatu, dola 9,000 taslimu, nikaziweka benki siku hiyohiyo. Ofisa wa mkopo amegoma kuzihesabu. Shemeji anashauri aandike barua kuwa amenipa zawadi. Nifanyeje? Niko Dallas, Texas.

Barua ya shemeji iache kabisa. Barua ya zawadi hutamka kwamba aliyetoa ndiye mwenye fedha na hazitarudishwa. Kusaini uongo kwenye maombi ya mkopo wa nyumba ni kosa la jinai la serikali kuu. Na ukweli wako unatosha.

Benki husoma taarifa za akaunti za miezi 2. Kwa mikopo inayofuata kanuni za Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, amana moja inayozidi nusu ya kipato chako cha mwezi lazima ijulikane ilikotoka. Mwenye kipato cha 4,000 akiingiza 9,000, mchambuzi wa benki hana namna ya kujua kama ni jasho lake au mkopo wa rafiki atakayedai kesho.

Upatu, likelemba, chama: kanuni zinavitambua vyote. Fannie Mae wanauita mfuko wa akiba wa pamoja, FHA wanauita klabu binafsi ya akiba. Mwombe kijumbe barua yenye jina la kikundi, idadi ya wanachama, mchango wa kila mwezi, tarehe uliyojiunga, na tarehe na kiasi ulichopokea. Ambatanisha kurasa za daftari zenye jina lako na ushahidi wa michango yako. Hapa ndipo bahasha ya taslimu inayopokewa baada ya ibada inapomponza mtu, maana haiachi alama. Tangu leo toeni mchango kwa akaunti, tarehe ileile, na neno “upatu” kwenye maelezo.

Kingine hakisemwi sana. Ukipokea zamu mapema, bado unadaiwa michango, na Fannie Mae wanataka michango hiyo ihesabiwe kama deni. Kikundi cha watu 10 wa dola 900, wewe ukiwa wa tatu, una miezi 7 mbele. Dola 900 ndani ya 4,000 ni asilimia 22.5 ya kipato, kabla hujagusa gari wala nyumba yenyewe. Mkopo unaweza kukataliwa hapo. Anayepanga kununua amwombe kijumbe zamu ya mwisho: akipokea, hadaiwi na mtu.

Tuko Kentucky. Msaada wa jiji tulikosa kwa sababu ya mshahara wa kijana wetu wa miaka 20 tunayeishi naye. Nyumba nyingine ikakwama kwa rangi. Mbona mambo madogo hivi?

Programu nyingi za majiji hutumia fedha za HOME, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Ukomo wake ni asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo kulingana na idadi ya watu nyumbani, na kipato cha kila mtu mzima anayeishi humo huingia. Jaribuni mkopo wa HomeReady wa Fannie Mae: kianzio ni asilimia 3, ukomo nao ni asilimia 80, lakini kinachopimwa ni kipato cha waombaji wa mkopo tu. Kijana asipokuwa mwombaji, wake hauhesabiwi.

Rangi si jambo dogo. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huenda zina rangi ya madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Mkitembelea nyumba, fungueni dirisha juu na chini, kisha mulikeni kizingiti kwa tochi ya simu. Mkiona magamba na vumbi kwenye mfereji wa fremu, mjue mkaguzi wa jiji atayaona pia. Mkataba useme kwamba muuzaji atarekebisha kabla ya mauzo kukamilika, kwa fundi aliyefunzwa kazi ya risasi. Kukwangua kikavu hutawanya sumu nyumba nzima.

Nina kibali cha kazi, grini kadi bado. Naweza kupata FHA?

Kwa sasa hapana. Tangu tarehe 25 Mei 2025, wasio raia wala wakaazi wa kudumu kwa kawaida hawapati mikopo hiyo. Mkimbizi anaweza kuomba grini kadi akishakaa nchini mwaka 1, kwa hiyo tumia muda wa kusubiri kujenga krediti. Programu nyingi za majimbo hutaka alama kati ya 620 na 660.

Kuna mtu anataka dola 600 atutafutie msaada, na anasema nafasi zinaisha. Ni kawaida?

Kuna mifuko inayoisha kweli ndani ya mwaka, ila haifunguliwi kwa kumlipa mtu kando. Mpigieni HUD 800-569-4287 mpewe mshauri wa karibu. Akidai ada huwa ndogo, na asiyeweza husamehewa. Benki nayo, ndani ya siku 3 za kazi tangu mtoe maombi, lazima iwape karatasi ya makadirio yenye ada zote za mkopo. Kabla ya hapo haina ruhusa ya kuwatoza chochote zaidi ya gharama ya ripoti ya krediti. Kama zile 600 hazimo kwenye karatasi hiyo, msizilipe.