Nukta ya Kijivu: Maswali Yenu Kuhusu Gemu za Kale

Swali: Mdogo wangu anasema habari za chumba cha siri ndani ya gemu ya zamani ni uzushi. Nani mkweli?

Jibu: Chumba kipo, mwambie mdogo wako. Gemu yenyewe ni Adventure, iliyotoka 1980 kwa mashine ya Atari 2600. Wewe ni kisanduku kidogo tu kinachozunguka kwenye ngome na vichochoro kikikimbia majoka. Ndani ya ngome nyeusi kuna kijichumba kilichozibwa pande zote, hukifikii bila daraja unalolibeba ndani ya gemu. Humo imelala nukta moja ya kijivu, rangi ileile ya sakafu, kwa hiyo macho hayakusaidii kitu, lazima upapase. Ukishainasa, ibebe hadi kwenye ukumbi ulio chini ya ngome ya dhahabu, halafu uviingize humo vitu vingine viwili. Mstari wa ukutani upande wa kulia unaanza kupepesa. Sukuma, unapita! Ng'ambo kuna maandishi yanayobadilika rangi, yakisema gemu hii imeundwa na Warren Robinett. Mara ya kwanza nilipopenya niliweka chini kijiti cha kuchezea, nikabaki nalitazama lile jina likimeremeta.

Swali: Kwa nini alificha jina lake mwenyewe?

Jibu: Kwa sababu Atari, kampuni iliyoitoa gemu, haikuwa ikiwataja watunzi. Mtu anahangaika na gemu peke yake kwa miezi, kisha inauzwa kama vile imejitunga yenyewe. Kwangu hiyo ni dhuluma, na si mimi pekee niliyeiona hivyo: mwaka 1979 watunzi wanne waliondoka Atari wakashiriki kuanzisha kampuni ya Activision, ambako jina la mtunzi lilitajwa wazi. Robinett naye aliondoka mwaka huohuo bila kumwambia mtu siri yake. Kijana mmoja wa Utah, Marekani, ndiye aliyeigundua na kuiandikia kampuni barua. Kuifuta kungelazimu kutengeneza upya chipu inayobeba gemu kwa gharama kubwa. Steve Wright wa Atari akaona ni bora iachwe, akaifananisha na mayai ya Pasaka ambayo watoto hufichiwa ili wayatafute. Ndiyo maana hadi leo siri za namna hii huitwa mayai ya Pasaka.

Swali: Ukuta unapepesaje?

Jibu: Swali hili limenifurahisha kuliko yote! Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, yaani nafasi ya herufi 128 hivi. Gemu hii iliweza kuchora vitu viwili kwa wakati mmoja. Vikizidi, vinapokezana kuonekana. Mstari ule mwembamba wa ukutani nao ni kitu kama vingine. Ukijaza ukumbi, unatoweka na kurudi haraka haraka, na wewe unapenya unapotoweka. Robinett aliugeuza udhaifu wa mashine kuwa mlango.

Swali: Pong ndiyo gemu ya kwanza duniani, sivyo?

Jibu: Sivyo. Pong ni ya 1972. Mwaka 1958 William Higinbotham alikuwa ameshawachezesha wageni tenisi kwenye kioo cha osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, na 1962 watunzi wa programu wa chuo cha MIT walikuwa na Spacewar. Hata Odyssey ya Ralph Baer, mashine ya kuchezea gemu nyumbani, iliitangulia Pong kwa miezi michache. Hiyo ulibandika karatasi ya plastiki juu ya televisheni ili upate picha ya uwanja, na mabao mlihesabu wenyewe.

Swali: Raundi ya 256 ya gemu ya Pac-Man, nusu ya skrini inavurugika. Ni siri?

Jibu: Hapana, ni kosa. Hesabu ya raundi iliwekwa kwenye baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255. Ikivuka hapo, programu inajaribu kuchora matunda 256 (matunda ndiyo alama za raundi chini ya skrini), na nusu ya kulia inafunikwa na takataka.

Swali: Kwa hiyo Robinett ndiye wa kwanza kuficha kitu?

Jibu: Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Lakini Starship 1, mashine ya Atari ya 1977 iliyochezwa kwa sarafu, ina siri ya Ron Milner: ukiziendesha swichi zake kwa mpangilio maalumu, skrini inamsalimu Ron kwa jina, kisha inakupa michezo kumi ya bure. Habari hiyo ilijulikana 2017. Miaka 40 salamu ile ilikuwa humo ndani, na watu wakicheza juu yake bila kujua.