Kwa aliyeuliza kama aende kwenye jazz huru: jibu la fundi mitambo

Mkuu, umesema rafiki yako kakualika kwenye onyesho la jazz huru, muziki wa kubuni palepale jukwaani, Upanga hapa Dar es Salaam, Ijumaa ijayo, kiingilio Sh 15,000. Ukafungua simu usikilize mfano, na ndani ya dakika tano ukaona ni watu wanaojaribisha vyombo tu. Unauliza kama wanajua wanachofanya. Wadau wawili waliokujibu hapo juu kabla yangu wamekwambia ubaki nyumbani. Mimi nasema nenda. Nina miaka 14 ya kufunga mitambo ya bendi za dansi, Kinondoni hadi Temeke, na hizi kazi za vituo vya utamaduni vya Upanga ziliniangukia katikati, kwa bahati tu.

Kwanza hilo jina. Hapa kwetu neno jazz lilishapata wenyewe zamani: NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz. Zote bendi za dansi, na mtu alikwenda kucheza. Kwa hiyo nilipopigiwa simu mara ya kwanza kwamba kuna watu watatu wa jazz kutoka Ulaya, nikapakia spika zangu zote kubwa kwenye Kirikuu na vijana wawili juu. Wakatokea mpuliza saksafoni, mpiga drams na mpiga gitaa. Yule wa saksafoni akauangalia mzigo wangu, akacheka, akasema anahitaji maiki moja, nayo ni ya kusalimia watu.

Kwa kiburi changu nikamwekea nyingine mbele ya saksafoni. Dakika kama ya kumi ukatoka mlio mwembamba, mkali, unaozidi kupanda. Kila fundi mitambo anaujua mlio ule: maiki inajisikia yenyewe kwenye spika, na usipoiwahi watu wanaziba masikio na mwenye ukumbi anakukata pesa. Mkono ukatangulia kabla ya akili. Nikashusha maiki, mlio ukaendelea. Nikashusha spika zote, mlio uko palepale. Nimeinamia mikisa natokwa jasho, nikainua kichwa: jamaa kafumba macho, shingo imemtoka mishipa, mlio unatoka kwake. Mpiga drams ananitazama huku anapiga, kicheko kimembana. Nilikuwa nimezima mitambo yote, na ukumbini hakuna mwingine aliyejua.

Basi, sikuwa na kazi tena. Nikakaa nikatazama, na ndipo nikaona. Yule wa drams hakuwa anashikilia mwendo kama wa kwetu, alikuwa anavizia. Saksafoni ikikata pumzi, anaweka kijiti ukingoni, tik, na gitaa linakidaka kile kijiti linakigeuza kitu kingine. Ni kama mimi na vijana wangu tukipandisha spika ghorofa ya tatu: hakuna anayesema "sasa wewe", lakini uzito ukihama kila mmoja anausikia begani. Mmoja akizembea, unaona. Kwa macho unaona kabisa.

Ndiyo maana simu imekudanganya. Chukua mfano wa Ornette Coleman, mpuliza saksafoni, Mmarekani mweusi wa Texas. Desemba 1960 aliingia studio New York na wenzake saba, akarekodi kipande kimoja cha dakika kama 37 na kukiita Free Jazz, na jina la muziki wenyewe likakwama hapo. Lakini walikuwa bendi mbili kamili, kila moja na mpiga besi wake na drams zake, na fundi aliyerekodi aliiweka moja kushoto na nyingine kulia. Spika ya simu inawabana wote wanane kwenye tundu moja. Vurugu lazima! Tafuta spika za masikioni, sikiliza la kushoto peke yake, ambako Coleman mwenyewe yupo na Don Cherry. Kesho yake sikiliza la kulia, kwa Eric Dolphy na Freddie Hubbard. Siku ya tatu vaa yote mawili. Mimi ilinichukua wiki, napanda nayo mwendokasi asubuhi. (Usianze na Machine Gun ya 1968 ya yule Mjerumani, Peter Brötzmann. Saksafoni tatu, besi mbili, drams mbili na piano. Hiyo iache mpaka siku ukikasirishwa na mtu.)

Aliyesema hapo juu kwamba hizi ni mbwembwe za wazungu, amekosea njia. Wazungu wengi wanaokuja kuupiga hapa wameurithi kwa watu weusi. Chicago kuna chama cha wanamuziki weusi, AACM, kilichoanzishwa 1965 na bado kipo. Na kuna Blue Notes wa Afrika Kusini, kina Dudu Pukwana, Mongezi Feza, Johnny Dyani na Louis Moholo, na mpiga piano wao mzungu, Chris McGregor. Bendi iliyochanganya rangi chini ya makaburu ilikuwa haina pa kupigia kwa amani, wakaondoka 1964, wakaishia London, na Waingereza wakajifunza kwao. Moholo ndiye aliyeishi kuliko wenzake wote, amefariki 2025. Ukipata chochote ambacho yeye yuko kwenye drams, sikiliza mkono wa kulia.

Halafu wewe mwenyewe si mgeni kiasi hicho. Umewahi kwenda kwenye dansi la Msondo au Sikinde? Wimbo uliorekodiwa, unaousikia redioni, una mwisho wake unaojulikana. Ukumbini, chemko (ile sehemu ya kuchezea) likishika, mpiga solo ameona watu wamekubali, hakuna anayejua litaisha saa ngapi. Nimesimama nyuma ya mitambo nikimtazama mpiga tumba anavyomwangalia mchezaji mmoja tu na kumfuata kiuno. Hakuna aliyemwandikia. Taarabu nayo ina taksimu: kanuni, kile chombo cha nyuzi, inatembea peke yake kabla wimbo haujaanza na watu wanamtunza mpigaji kwa kupotea vizuri. Hawa wa jazz huru wanaanzia hapohapo, ila hawana wimbo wa kurudia. Hilo ndilo gumu lake, sikufichi.

Mara ya tatu kufanya nao kazi umeme ulikatika. Jenereta ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Saksafoni na drams wakaendelea gizani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpiga gitaa akakwangua nyuzi kavu kidogo, akaona haisaidii, akaliweka gitaa chini, akashuka jukwaani akakaa kiti cha mbele, akasikiliza wenzake kama mlipa kiingilio. Nilichotakiwa kufanya pale ni kwenda kuzima amplifaya yake. Sikwenda, nilikuwa nasikiliza. Umeme uliporudi ikapiga BUM moja hiyo, kinamama wa mbele wakaruka. Na mpiga drams, bila kugeuka, akaijibu. Bum, kwenye drams kubwa. Akarudia. Yule wa gitaa akapanda mbio, na dakika ishirini zilizofuata zilijengwa juu ya uzembe wangu. Watu wengine walidhani imepangwa.

Lakini si kila onyesho ni zuri, na hapa wapenzi wa muziki huu huwa hawasemi kweli. Niliwahi kufunga mitambo sehemu ambapo mgeni wa saksafoni aliwekwa pamoja na mzee wa zeze na kijana wa ilimba, kile chombo cha kupigwa kwa vidole gumba. Zeze ni chombo cha sauti ndogo, linataka chumba kinyamaze. Mgeni alipuliza dakika ishirini mfululizo, macho juu. Nimepandisha maiki ya zeze mpaka pale inapoanza kulia (safari hii kweli), bado mzee hasikiki. Katikati mzee akaliweka mapajani akatulia, na mgeni hakugundua. Watu walipiga makofi. Mimi nilikasirika mpaka nafika Mabibo. Uhuru wa namna ile hata kondakta wa daladala anao. Kwa hiyo ukiwa pale, usijiulize kama unaelewa. Tazama kama wanasikilizana. Kama hawasikilizani, toka, huna deni.

Mambo madogo. Nenda mapema, maana maonyesho haya huanza kwa saa iliyoandikwa, tofauti na tulivyozoea kwenye dansi. Kaa mstari wa pili au wa tatu upande wa drams, uone mikono. Usikae mbele ya mdomo wa saksafoni, chumba kikiwa kidogo utalala na mlio masikioni. Makofi piga ukipenda, katikati pia ruksa, ila subiri kidogo wakinyamaza, maana kunyamaza mara nyingi ni sehemu yake na wapo watu hugeuka kukuangalia vibaya. Kutunza kwa noti usijaribu. Niliona mama mmoja akimbandika mpiga besi elfu tano kwenye paji la uso. Jamaa alifurahi lakini alipoteza kabisa alipokuwa. Ukichoka baada ya nusu saa, toka nje unywe maji urudi, hutakuwa umekosa "mwanzo wa hadithi".

Ijumaa hiyo na mimi nipo kazini. Nitakuwa nyuma kwenye meza ya mitambo, mikono nimeikalia.