Shangazi, kazi naipenda ila imenichosha

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Kilifi, nimepewa nyumba kama 100 nizihudumie, natembelea kina mama waliojifungua, napima watoto mkono na ule utepe wa kuonyesha kama wana utapiamlo. Watu wananipenda kweli lakini ile posho ya shilingi 5,000 ya mwezi ikichelewa najiona mjinga, na kuna nyumba nakuta mtoto hajala na mimi mkononi sina kitu. Niache tu? – Mama Z

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache na hasira. Hiyo 5,000 nusu ni ya serikali kuu nusu ya kaunti, kwa hiyo ikikwama ulizeni ni nusu ya nani, na muende kikundi maana mmoja huambiwa subiri tu (wanajua kusema subiri hao!). Ila naona kinachokumaliza ni huyo mtoto mwenye njaa, sio pesa. Mpe rufaa zahanati, unga wako usiubebe kila siku utaishiwa. Halafu mwambie msimamizi kila mwezi mkae mzungumzie zile nyumba ngumu, sio kuhesabu fomu peke yake. Na kibarua kingine ukipata chukua, hiyo ni posho sio mshahara.