Dawa "ya asili" inaua vipepeo pia

SWALI: Habari daktari. Niko Kasarani, nina kauwanja kadogo nyuma ya nyumba, nimepanda lantana, zinia na ndimu moja kwa ndoo. Nilitaka watoto wawe wanaangalia vipepeo. Walikuwa wanakuja, hawakai. Alafu ile ndimu ikajaa viduduvidudu vinakaa mavi ya ndege, jamaa wa agroveti akasema ni viwavijeshi, akaniuzia dawa ya asili ya mwarobaini, akasema hiyo haina shida na vipepeo. Nikapiga. Viwavi wameisha lakini sasa hata vipepeo sioni. Kuna mtu anauza pupa kutoka Pwani, yale maganda kiwavi anajifungia kabla awe kipepeo, anasema ukiweka chache wanazaana wanajaa ploti. Ninunue?

JIBU: Usinunue, mama. Na pole, kwa sababu wale uliowapiga dawa ndio walikuwa vipepeo wenyewe. Hao ni watoto wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezunguka mitaa yote ya Nairobi penye ndimu au machungwa. Wakiwa wadogo wanakaa hivyo makusudi ndio ndege asiwaguse. Wakikua wanageuka kijani, na ukimgusa mmoja kichwani anatoa vipembe viwili laini vyenye rangi ya chungwa vinavyonuka vikali, watoto wako wangelipenda hilo kuliko kitu chochote.

Kiwavijeshi mimi namjua vizuri, amesumbua wakulima wetu wa mahindi tangu 2017, na kumtambua si kazi ngumu hata kidogo: kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yamekaa mraba. Mtu anayeuza dawa na hawezi kuangalia hizo alama mbili hafai kuwa anauza dawa. Lakini siku hizi kila kiwavi Nairobi ni kiwavijeshi, awe kwa ndimu, kwa pasheni, kwa maua, jibu ni moja tu, chupa.

Sasa hili neno "asili" ndilo linanikera kuliko yote. Pareto ni ya asili, imelimwa Kenya miaka na miaka, na inalimwa kwa sababu inaua wadudu, inashika mishipa ya fahamu na mdudu anaanguka kwa dakika chache. Haiulizi kama ni inzi ama ni kipepeo. Mwarobaini wako unafanya kazi polepole, na ndio maana watu wanadhani ni mpole: kiwavi anaacha kula, anashinda hapo kwa jani siku kadhaa, ikifika wakati wa kujivua ngozi anakwama katikati, ngozi ya zamani imeng'ang'ania nyuma haitoki, anakauka hivyohivyo. Huo ndio upole wenyewe.

Kuna ingine mbaya zaidi kwa mtu wa vipepeo, zile dawa za bakteria wanaoitwa Bt. Kwa lebo zinaandikwa salama kwa nyuki, salama kwa watu, na ni kweli kabisa, kwa sababu zile zinazouzwa kwa ajili ya viwavi zinaharibu tumbo la viwavi peke yake. Lakini kipepeo alikuwa nani juzi kama si kiwavi? Mtu anasoma "salama kwa nyuki" anaona basi bustani yake yote iko salama, anapiga, wiki mbili baadaye ananiandikia kuuliza vipepeo wameenda wapi. Na ile ya kuchanganya sabuni ya unga na pilipili nyumbani pia wacha, kiwavi anapumulia vitundu vidogo ubavuni, sabuni inamziba.

Kuhusu hao wanaokuja na hawakai: zinia ni hoteli, anakunywa anaenda zake. Jike anatafuta mahali pa kutaga, na kila aina ina majani yake, mtoto wake hawezi kula mengine. Huyu wa ndimu ni ndimu na jamaa zake. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, Danaus chrysippus, anataka mimea ya utomvu mweupe kama Gomphocarpus, ile inazaa mapulizo ya kijani yenye nywelenywele. Wale wadogo wekundu, Acraea, baadhi yao wanataga kwa pasheni. Kwa hivyo bustani ya vipepeo ni bustani ya majani yaliyotobolewa, na kama hutaki kuona majani yametobolewa basi baki na maua ya kuweka kwa chombo mezani. Lantana ingoe, ndege wanabeba mbegu na imeshaharibu malisho ya watu huko nje, zinia inatosha.

Ndimu yako hiyo ya ndoo usiitupe, acha kuipiga kitu chochote, ngoja majani mapya. Mvua za Oktoba zikiingia angalia majani machanga, utaona yai moja moja, dogo, la duara, la manjano hafifu. Ndoo moja haiwezi kulisha viwavi wengi, kwa hivyo ile pesa ya pupa nunua mche wa pili, na umuulize muuzaji amepiga nini, maana miche mingi ya kando ya barabara imewekewa dawa inayoingia hadi ndani ya jani, ukiosha haitoki. Ukihamisha kiwavi kata na jani lake, usimvute na vidole.

Hao wa pupa za Pwani sasa. Kule Gede kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993, wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga pupa zinazouzwa nje, kazi nzuri sana na ya heshima, na inaenda kwa sababu msitu wenye majani yake uko hapohapo. Mtu akikuletea hao Kasarani, kwenye baridi ya Julai, hakuna hata jani moja la watoto wao, watatoka, wataruka siku chache wafe bila kutaga. Anayekwambia watazaana wajaze ploti anajua hilo ama hajui, na kwote kuwili hufai kumpa pesa.

Na nyinyi wengine mnaosoma, hii si ya Kasarani peke yake. Kabla ya kununua dawa yoyote ya bustani, ya asili ama ya kiwandani, uliza swali moja pale kaunta: inaua nini? Mwenye duka akikujibu "inaua wadudu wabaya tu", rudisha chupa utoke.