Shirika lisilo la faida kufanya biashara

Je, shirika lisilo la faida linaweza kufanya biashara? Ndiyo, linaruhusiwa kuuza bidhaa na huduma, na halipotezi hadhi yake kwa sababu tu limebaki na ziada mwisho wa mwaka. Kinachokatazwa ni kugawana ziada hiyo: hakuna wanahisa, hakuna gawio, wajumbe wa bodi hawachukui chochote mfukoni. Pesa inarudi kwenye kazi ya shirika. Mfano mzuri ni BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh: tangu 1978 ina maduka ya Aarong yanayouza nguo na kazi za mikono za mafundi wa vijijini, na faida yake husaidia kugharimia miradi yao.

Kwenye kodi ndiko watu wanakojikwaa. Marekani, Chuo Kikuu cha New York kiliwahi kunufaika na kiwanda cha tambi cha Mueller bila kiwanda kulipa kodi ya mapato; washindani wakalalamika, na mwaka 1950 Bunge likaweka kodi kwa biashara zisizohusiana na lengo la shirika. Nchi nyingine zina taratibu zake, kwa hiyo soma katiba yenu na sheria mliyosajiliwa nayo kabla ya kufungua duka. Biashara ikianza kukua, wengi huisajili kama kampuni tanzu, yaani kampuni ya pembeni inayomilikiwa na shirika, ili hasara yake isimeze pesa za wafadhili.

Mimi ningeanza na kile mnachokijua tayari. Kama mnafundisha wakunga bure, uzeni mafunzo hayohayo kwa hospitali binafsi.